Jicho la Kulia

Saa nane usiku, bandani, bonde la Chiang Dao.
Tochi nimeivika karatasi nyekundu ya peremende
ili mwanga usimshtue mgeni.
Nyati wetu, Bunlong, amelala akicheua,
na kwenye jicho lake la kulia
nondo wa kijivu, mdogo kuliko ukucha wangu,
ameketi kama mdeni aliyezoea kukopeshwa.

Maua hayataki. Mibuni imechanua nyuma ya ukuta,
harufu ya kulewesha nyuki,
yeye kaipita.
Ameukunjua mrija wake taratibu
akaupenyeza chini ya kope,
kama mtu achunguliaye chini ya mlango.
Anakuna. Jicho linawasha. Chozi linakuja.
Anakunywa, anakuna tena.
Chumvi imo, na kitu kizito kuliko chumvi,
kile kinachofanya machozi yanate shavuni.

Kwa hiyo nani analia hapa?
Nyati analia,
na nondo analia papo hapo:
neno moja, sahani moja.

Alipokuwa kiwavi alitafuna majani
asubuhi hadi jioni, bila haya.
Taya zile aliziacha gizani, ndani ya ganda.
Akatoka na mbawa, na kiu,
na siku za kuhesabu.

Mama, Buakham, hazitaki habari zangu.
Kesho kutwa Bunlong anapandishwa pikapu;
kaka Intha ameshaichagua pikipiki yake,
nyekundu, ya mkono wa pili, kioo kimoja.
"Mnyama anajua," Mama asema. "Tazama anavyolia."
Nikamwambia ni nondo tu, Mama, anamkuna.
Akaniangalia kana kwamba nimemwaga wali.

Usiku wa tatu banda ni tupu.
Kamba imebaki na umbo la shingo.
Nondo hana taarifa. Amekuja saa ileile,
akazunguka kigingi, akazunguka ndoo,
akagonga tochi yangu mara mbili,
kisha akamwendea Mama
aliyekuja, asema, kufagia.
Kufagia. Saa nane usiku.

Nikainua mkono nimfukuze.
"Mwache," akasema,
akafumba jicho la kushoto,
akamwachia la kulia.