Shubiri Moja

Babu alikuwa mpaka rangi bandarini Itungi,
Ambilikile Mwaijande, brashi mbili na kopo,
na kazi yake ya mwisho kwenye meli Lufilyo
ilikuwa kupandisha mstari.

"Mstari wa shehena," alinieleza nikiwa darasa la tano,
tukipepeta mpunga uani, Ipinda.
"Maji yakiugusa, meli imeshiba."
Wakubwa wakaona meli inashiba mapema.
Akaja karani na oda: futa, chora juu,
shubiri moja tu.
Alilipwa shilingi hamsini na nusu kilo ya sukari.
Mwaka ule, sukari ilikuwa habari.

Wakapakia saruji ya zahanati ya Lupingu,
mifuko mia tisa,
mabati, vitanda sita vya chuma;
Matema wakaongeza vyungu vya Wakisi
vimefungwa kwa majani makavu ya mgomba.
Maji yalikomea chini kidogo ya mstari.
Kila kitu kilikuwa sawa.

Usiku mwera ukapanda ziwa kutoka kusini,
ukagonga milima ya Ukinga, ukarudi.
Nyasa haisomi rangi.

Walikuwa kumi na wanne. Babu aliwajua wote,
ila midomoni alikuwa na mmoja, Tumpale, mpishi,
aliyemwachia baiskeli akasema
usiipande, breki mbovu, narudi Jumanne.

Vyungu vilielea.
Matema bado wanasimulia: asubuhi,
ziwa limenyamaza kama halikutoka kitandani,
vyungu vikaja ufukweni kimoja kimoja, midomo juu,
vingine bila hata ufa.
Chuma kimezama, udongo umerudi.

Juzi kijana wa Lyulilo alipiga mbizi mpaka huko.
Anasema saruji iliganda, kila mfuko jiwe,
karatasi imeliwa, mikunjo imebaki.
Zimepangana, anasema, kama mtu aliyeanza msingi,
na samaki wanaingia na kutoka bila kadi.
Sikumuuliza kuhusu mstari.

Babu aliishi miaka thelathini zaidi.
Kila kiangazi aliipaka nyumba chokaa,
na kila kiangazi aliacha chini, kuzunguka kuta zote,
shubiri moja ya udongo mtupu.
Tulipomzika, mjomba Lusajo alichovya brashi
aimalizie, wageni wasione aibu.
Bibi akamnyang'anya.
Baiskeli ipo ghalani. Hakuna aliyeipanda.