Amana ya Asiyeamini

Jina lake Habakuki, la nabii,
alilivaa kama koti la marehemu babu:
likimpwaya mabegani, lakini la kutupa halikuwa.
Sisi wa Mukuru kwa Reuben tulimwita Osoro,
fundi wa boila, kiwanda cha sabuni, Barabara ya Enterprise,
miaka ishirini na sita akichemshia jiji zima sabuni
na kurudi nyumbani na masizi kwenye kope.

Mimi ni mtu wa kanisa. Jumapili hunipati nyumbani.
Yeye Jumapili alikuwa juu ya kibanda cha maji,
spana mkononi, akikaza bomba letu la ushirika,
na nikipita na Biblia kwapani haniiti mama, ananiita kwa cheo:
"Mhazini, msalimie. Mwambie tangi linavuja."
"Mungu ndiye aliyekupa mikono hiyo," namjibu.
"Na mshahara wake alimpa nani?"

Mbingu hakuziamini. Foleni aliiamini.
Mtungi mmoja, bei moja, mstari mmoja daftarini,
mwenye ploti na mpangaji,
aliyezaliwa hapa na aliyeshuka jana kutoka Moyale.
Siku mke wa askofu alipotuma kijana apite mbele,
Osoro aliuinua ule mtungi, akaubeba mwenyewe, taratibu,
mpaka nyuma kabisa, nyuma ya mtoto wa Kasyoka
aliyevaa kandambili zote za kushoto.
Akarudisha mikono mfukoni. Hakusema kitu.
Jumapili hiyo alitajwa madhabahuni kwa jina.

Tulipochagua mwenyekiti, wanaume wakamtazama yeye.
Yeye akamtazama Zuhura, aliyeachwa na watoto wanne.
"Mtaro wa bomba ulichimbwa na nani,
na alikuwa na mimba ya miezi mingapi?"
Kisha akanyamaza mpaka kimya kikawawasha.

Hatukupatana. Niseme hivyo,
nisije nikamtakasa kwa kuwa amekufa.
Alinicheka nilipofunga siku tatu kwa ajili ya mwanangu,
nami sikumsemesha mwezi mzima,
ingawa dawa za mwanangu, nilikuja kujua,
nusu yake zilitoka mfukoni mwake.

Kifua kilipomshinda aliniita wodini,
wawili kitandani, mwenzake akikoroma.
"Nizikwe bila maombi. Wewe utasimamia."
"Mimi? Mbona usiwape wenzako wa chama cha wafanyakazi,
wasiosali kama wewe?"
"Hao watabishana hadi nioze.
Simwamini Mungu, mhazini.
Nakuamini wewe."

Haya, nenda ukalale na neno hilo.

Lang'ata, Ijumaa, manyunyu, tope jekundu.
Ndugu zake wameshuka kutoka Nyamira na mchungaji,
kanzu imepigwa pasi.
"Mwanamke hasemi kaburini," akasema mkubwa wao.
Zuhura akanishikia mwavuli. Nikasema.
Mahubiri sikuwa nayo; nilikuwa na daftari.
Nikasoma majina, nyumba kwa nyumba,
Anyango, Kasyoka, Ture, Wanjala wa kinyozi,
waliolipa, na wale wenye alama yake ya penseli:
"asidaiwe."
Zilikuwa nyingi kuliko nilivyojua, mimi mwenye kuweka hesabu.
Ukurasa wa arubaini, miezi miwili mfululizo,
mwaka ule kanisa lilipogawanyika: mke wa askofu.
Asidaiwe.
Mchungaji akavua kofia.
Kamba za jeneza walizishika binti zake.

Usiku nikapiga magoti, kwa mazoea.
Sikumwombea. Niliahidi.
Nikasema tu: amana yangu nimeitunza, Bwana,
na Wewe?
Kisha nikanyamaza, nikingoja,
kama alivyonyamaza yeye siku ile ya mtaro.

Saa kumi na moja mitungi ikaanza kugongana nje.
Tangi bado linavuja.