Ukuta Una Unyevu

Manispaa hunilipa nifute.
Ndoo mbili za kijivu kila Jumatatu, brashi moja
iliyonyonyoka kama shingo ya kuku mgonjwa,
na daftari la ripoti: mtaa, ukuta, maneno, saa.
Miaka kumi na mmoja naufunika mji huu.
Nimefunika matusi, nembo za timu, na mioyo
ya wapenzi ambao leo hawasalimiani sokoni.
Sikuona tofauti. Kijivu hakina macho.

Kisha, mwaka ule mgodi ulipofunga lango la pili
na mto Kvirila ukapita siku tatu bila weusi,
maneno yakaanza kuota kutani
kwa herufi zetu za mviringo, kila moja ndoano au sikio.

Nyuma ya duka la mkate la Zaira:
"Jana ulipita hapa ukasahau kucheka.
Kicheko chako kipo. Muulize Zaira."
Zaira hajui lolote. Lakini watu huuliza,
naye kwa haya huwakatia kipande cha moto.
Nilifuta. Kesho yake, juu ya kijivu changu kibichi:
"Asante kwa karatasi mpya."

Ngazi za mtaa wa juu ni mia mbili na kumi na nne.
Kwenye ya tisini: "Pumzika. Hakuna anayehesabu."
Kwenye ya tisini na moja, mwandiko mwingine, wa kitoto:
"Mimi nahesabu. Twende."
Pumzi ilikuwa imeniishia. Nikakaa na ndoo zangu,
nikaandika: Ngazi zina watu, kazi imeahirishwa.
Hapakuwa na mtu ila mimi.

Mnara wa kigari cha waya, ule wenye kutu,
ambao abiria huufumbia macho wakining'inia juu ya bonde:
"Hata mimi natetemeka. Sijamwangusha mtu bado."
Ripoti: Upepo mkali. Brashi haifiki.

Ufa wa posta mtu ameupaka buluu, akatia samaki
wadogo kama kucha; ufa ukirefuka, samaki huongezeka.
Mhandisi Guram alikuja kupima hatari,
akaweka rula mfukoni, akahesabu kwa kidole:
"Kumi na saba. Mwaka jana walikuwa tisa."

Na ule wa hospitali.
Unatazamana na dirisha la wodi ya wanawake,
herufi ndefu kuliko mtu, rangi ya chungwa:
"Tsiala, ng'ombe anakamwa.
Usiharakishe kupona. Pona vizuri."
Mkuu wangu, Otari, alipiga simu mara mbili.
Nilipanda. Nilichovya brashi.
Dirishani vichwa sita vya vitambaa,
wala sikujua yupi ni Tsiala, maana wote
walikuwa wakisoma kama mtu asomavyo barua yake.
Nikashuka. Nikaandika:
Ukuta una unyevu. Rangi haishiki.
Mvua ilikuwa haijanyesha tangu Juni.

Otari alisoma, akanitazama, akagonga muhuri.
Wiki iliyofuata nilimkuta kwenye ngazi ya tisini,
ameketi na tai yake,
akijifanya anafunga kamba za kiatu.

Jana usiku nilitoka bila kijivu.
Nilikuwa na kopo la njano, masalio ya mlango wa mama.
Mkono uliozoea kufuta haujui pa kuanzia:
nilisimama mbele ya ukuta wa kituo cha treni
kama mtoto aliyeitwa ubaoni hajasoma.
Mbwa alinusa kopo, akaenda zake.
Niliandika neno moja tu. Lilipinda, likachuruzika:
"Niliyasoma."

Jumatatu nitatumwa kulifuta.
Nimekwisha kuugusa ukuta ule kwa kiganja, pande zote,
na daftari nimelifungua mapema.
Una unyevu, nawaambieni.
Unyevu mwingi mno.