Milimita Tatu

Jumatatu ile daraja la mashine lilipitiliza,
likagonga mwisho wa reli, na mota, bila habari,
ikaendelea kusukuma, inaguna, inaguna,
kama mtu anayebishana na ukuta.
Normand akarukia kitufe chekundu, kahawa ikamwagika
juu ya ubao wa mwaloni wa dola tisini.
"Haijui ilipo," akasema. "Haijapata kujua."

Kumbe kweli. Ukiizima inasahau.
Ukiiwasha asubuhi, popote ilipolala
inapaita sifuri.

Basi Jumamosi nimebaki peke yangu, ghorofa ya pili
ya kiwanda kikuukuu cha nguo, hapa Lewiston.
Mto umeganda kingoni, bomba la mvuke linakohoa ukutani.
Sensa tano ziko ndani ya bahasha, kila moja kama kidole gumba,
na nyaya tatu tatu: kahawia, buluu, nyeusi.
Macho hazina. Zinanusa chuma.
Kikisogea milimita nne, taa nyekundu inawaka mgongoni,
pasipo kugusana, kama watu wenye adabu.

Nikaanza na mipaka. Lugha yangu ina neno moja
la ukingo na la safari ya kuufikia:
twende mpaka mpakani.
Ya kulia. Ya kushoto. Ya mbele, ya nyuma, ya juu.
Vibati nimevikata kwenye fremu ya dirisha lililotupwa,
vidole vimekufa ganzi, skrubu moja imetumbukia
kwenye ufa wa sakafu, na huko itakaa.

Kisha swali: njia ya umeme iwe wazi, ifungwe hatari ikija?
Au ifungwe daima, ikatike hatari ikija?
Mimi nilikwisha kuchagua zamani, sikujua tu jina lake.
Shangazi Mwanahija wa Korogwe alinibipu kila Ijumaa,
akishamaliza sala ya mchana, mimi bado kitandani.
Mlio mmoja, anakata. Vocha ni pesa.
Mlio ulisema: waya mzima.
Ijumaa moja ya Machi simu ikanyamaza,
na nikajua, kabla mtu hajaniambia.

Kwa hiyo nimezifunga. Mkondo upite saa zote,
na panya wa humu akitafuna waya
mashine isimame palepale.
Ukimya ndio uwe kelele.

Nikawasha mota ya kisu: taa zikapepesa,
mashine ikaganda katikati, hakuna kilichoisogelea.
Umeme nao una umbea; waya mnene
ulikuwa unamnong'oneza mwembamba aliyelala ubavuni.
Nikawatenganisha shibiri mbili. Ganda la waya
nikaliunga ardhini upande mmoja tu,
maana ukiunga pande zote mbili umbea unapata mlango wa nyuma.

Saa kumi na moja, nje giza tayari, nikaiamuru: nyumbani.
Kisu kikapanda kwanza, kisije kikakwaruza kitu.
Daraja likaja, likanusa, likasimama, likarudi nyuma,
likaja tena kwa mwendo wa kinyonga, kuhakikisha.
Halafu likajivuta milimita tatu, likatulia.
Sifuri.

Mkataa kwao mtumwa, tuliambiwa.
Nikatazama ile kona. Hakuna kinachochongwa pale
na hakitachongwa. Inafikiwa, inaachwa,
na kazi yote inapimwa kutoka hapo.
Nikazima, nikawasha, mara kumi. Tofauti haikuzidi unywele.

Jumatatu Normand aliizima makusudi,
akalisukuma daraja kwa mikono hadi pasipojulikana,
kama mtoto anayefungwa kitambaa na kuzungushwa,
akaiwasha. Tukasubiri.
Ikapanda. Ikatafuta. Ikapata.
"Sasa inajua," akasema,
na kikombe chake, hata hivyo, akakihamishia dirishani.