Jiwe Lisilolewa

Mjomba Mihayo alikata vito Kanyenye,
chumba kimoja, dirisha moja,
na gurudumu la kukanyaga lililobaki
mkewe alipoondoka na kichwa cha cherehani.

Nilikuwa darasa la tano aliponipa la kwanza.
Zambarau, nikasema,
nikikumbuka tunda, na ulimi unavyokuchongea
nyumbani hata kabla hujasalimia.
"Lamba."
Nikalamba. Baridi. Halina ladha, hata ya vumbi.
"Umeona adabu? Rangi yote hiyo,
na halikukupaka hata tone."

Alinifunza kwa kipande cha chupa:
jiwe likachora mstari mweupe juu ya kioo,
kioo kikashindwa kujibu.
Alinifunza kwa dirisha: geuza, taratibu, tena.
Rangi haikai sawasawa,
imekimbilia nchani, shina limebaki maji matupu.
"Huyu na mchanga wa mto Igombe
baba mmoja, mama mmoja.
Ila huyu alimeza chembe ya chuma,
akakaa nayo gizani
mpaka miale ya miamba jirani ikamgeuza."

Yalikuja ndani ya soksi, ndani ya kopo la maziwa,
moja ndani ya kiporo cha ugali.
La ua la kiazi, jepesi, la kuuzia wapitaji stesheni.
Lenye mistari ya pembepembe, nyeupe kwa zambarau,
kama kikapu kilichosukwa na mtu mwenye haraka.
Na lile moja, zito, ambalo kwenye kibatari
lilitoa wekundu kutoka chini
kama mtu aliyekasirika akanyamaza:
hilo alilifunga kwenye kipande cha kanzu
na hakulipangia bei.

Padri mmoja alileta pete ikazwe meno.
Akatuambia jina la jiwe ni la Kiyunani,
maana yake: halilewi.
Wenyewe walichonga vikombe,
wakiamini mvinyo utapotea njia
kabla ya kufika kichwani.

Jumamosi ile ile mjomba akaenda Isevya
kwa bibi Nyamizi, mpika wanzuki,
akatumbukiza jiwe kwenye kata, akanywa juu yake.
Alirudishwa juu ya baiskeli kama gunia la mkaa.
Jiwe lilikutwa chini ya kata, safi, macho makavu.
"Padri hakudanganya," alisema Jumapili,
kichwa amekifunga kitenge.
"Jina ni la jiwe. Mimi naitwa Mihayo."

Wateja walipotaka manjano
aliyafukia kwenye mchanga,
chungu juu ya makaa, usiku kucha.
Asubuhi: rangi ya asali ya Sikonge.
Nikauliza, likipoa litarudi?
Akanitazama kana kwamba nimemuuliza habari za mkewe.

Na dirishani palikuwa na lingine, alilolisahau tangu masika,
jua limelinywa kidogo kidogo
mpaka likawa kama maji ya tatu ya kufulia khanga.

Alipofariki tulifungua kile kipande cha kanzu.
Ndani, kokwa la zambarau.
Kavu. La kuliwa.

Arobaini ilipokwisha, Nyamizi akaniita.
Akateremsha kibuyu cha asali kutoka darini,
akazamisha mwiko, akatafuta, akatafuta,
huku akihesabu kwa midomo.
"Miaka tisa. Deni la wanzuki.
Alisema nilitunze penye giza,
nami sina sanduku."

Likatoka likichuruzika.
Rangi yote ipo,
na ule wekundu, chini, bado haujasema.

Sikuwa na kitambaa.
Nikalilamba.