Kadi za Sampuli

Kazi yangu, hapa kwenye kinu cha pamba cha Kumi,
si kubeba marobota wala kusoma mizani.
Nina mkasi, gundi na kalamu ya wino mweusi.
Nabandika kishungi cheupe juu ya kadi,
chini yake naandika jina lake
kwa lugha ya mnunuzi,
maana Bwana Okwalinga anaamini
mtu hulipa haraka akisalimiwa kwa kwao.

Kiteso nilizaliwa nacho. Kiswahili nilikiokota kambini,
baba akiwa askari. Ulaya nimeipatia
katika daftari hili ambalo panya wamekula jalada.

Coton, cotone: hao ndugu, huwapotei.
Algodón naye wa ukoo wao, ila hakuvua kofia:
bado amevaa *al* ya Mwarabu aliyemlea.
Mpolandi anataka bawełna,
na hiyo ł yake imechomwa kijiti tumboni;
nikisahau kijiti, barua inarudi.
Mrusi anasema khlopok,
nami nasikia tumba likipasuka jua la Januari.

Mjerumani: Baumwolle. Mfini: puuvilla.
Nikafungua kamusi, kumbe ni kitu kimoja,
sufu ya mti.
Nilicheka mpaka Asekenye akaacha kufagia.
"Walidhani kondoo anapandwa," nikamwambia,
"anapaliliwa, anachanua, analia mee kwenye tawi!"
Asekenye ana miaka ishirini na miwili
na vumbi la pamba limemfanya ajuza tangu asubuhi.
Akaegemea ufagio.
"Na ule mti wa nyuma ya zahanati,
ule wa kujazia mito, Waswahili wanauitaje?"

Msufi.

Nikafunga mdomo.
Nasi tuliona mti, tukakumbuka kondoo.

Jumatano moja bosi kaenda Soroti kutafuta dizeli,
simu ikalia. Sauti ya mbali, yenye kikohozi,
mtu wa Rumania, Kiingereza chake kinachechemea
kama changu.
"Bumbac," akasema.
"Pamba," nikasema.
"Bumbac?"
"Pamba."
Tukanyamaza wote wawili,
kama wageni waliokaa mkeka mmoja msibani
wakagundua wana pua moja.

Nilikuwa na la kumwambia. Daftari lilikuwa wazi:
Mserbia pamuk, Mhungaria pamut, Mgiriki vamvaki.
Ukoo mzima, mzee wao labda Mwajemi,
sijui alilima ekari ngapi.
Watoto wengine walishika njia ya baridi,
mmoja akaja pwani, akapanda bara kwa miguu;
Waganda wakambana midomo wakamwita ppamba,
sisi Wateso tukamtangulizia *e*, epamba,
akawa mwanamume.
Waswahili walimwacha alivyokuja,
ila wakamweka nyumba moja na kupamba,
ndiyo maana bibi harusi hupambwa,
na maiti naye hupambwa, kwa pamba hii hii,
puani na masikioni, asisikie tunavyogombania shamba.

Haya yote nilitaka kumwambia.
Lakini Kiingereza changu kiliishia kwenye "ndiyo, bwana,"
naye akauliza bei.
Nikamtajia. Akavuta pumzi,
pumzi ile ile anayovuta mama
akisomewa karatasi ya mizani.
Hiyo haikutaka kamusi.
Kisha laini ikakatika, au alikata yeye.

Jioni nikamwandikia kadi yake.
Mbele, kwa wino, herufi zimenyooka: bumbac.
Nyuma, kwa penseli, kwa mkono mwepesi: pamba.
Asekenye aliona, akapiga chafya,
akaendelea kufagia.
Bosi huwa hageuzi kadi.