Mali Kauli

Mjini Tartu, theluji imefika kwenye kitasa.
Maarika ana vifaa arobaini vya kunusa maziwa,
vimtambue ng'ombe mgonjwa kabla kiwele hakijavimba.

Kampuni kubwa imeandika tena:
yataka elfu kumi, kwa mali kauli,
baada ya majaribio, baada ya wanasheria,
baada ya bodi kurudi likizoni.
Barua ya saba, karatasi nzito.
Kishika uchumba, hakuna.

Endel, mwenye ng'ombe kumi na wawili,
kaja na trekta, noti zake zanuka zizi.
Kanunua kimoja. Kapunguziwa, na bado kanuna.
Usiku kapiga simu mara nne:
"Kinalia! Nifanyeje?"

Mara ya tano Maarika kachukua buti.
La kushoto linavuja.
Barua ya saba kaikunja, kaliziba.